Mgawanyo wa Mafaili ya Matokeo katika MapReduce: Uhakiki wa Kiisimu

Makala ya Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat (2004) kuhusu MapReduce hutumia kuhesabu maneno kama mfano wake wa kwanza. Kila kazi ya kujumlisha huandika faili lake, na kanuni chaguomsingi inayoamua neno liende faili lipi haijali mofolojia. Waandishi wanashikilia kwamba kwa kawaida mafaili hayo hayahitaji kuunganishwa. Kwa programu inayofuata, sawa; kwa mtunga kamusi, la. Anasoma, walisoma na hatutasoma huweza kuangukia mafaili matatu. Hata yakiunganishwa na kupangwa kialfabeti, viambishi awali huyatenga maneno hayo, ilhali maneno mengi ya Kiingereza yenye mzizi mmoja hukaribiana, kwa kuwa hunyambuliwa mwishoni. Ajabu ni kwamba dawa imo katika makala yenyewe: inaonyesha jinsi anwani zote za tovuti moja zinavyoweza kuelekezwa kwenye faili moja kwa kubadili kanuni ya mgawanyo. Mzizi -som- ungeweza kushika nafasi ya jina la tovuti. Hata hivyo, hilo hudai kichanganuzi cha mofolojia kitangulie mgawanyo, na hapo ndipo bajeti za kongoo za Kiswahili zinapopaswa kuanzia, si kwenye ununuzi wa kompyuta.