Nani Aliyesema Mtoni? Pepo, Hadaa na Vita katika Kinjeketile

Mpenzi msomaji, ukiwapa wanafunzi swali la insha kuhusu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tayarisha kalamu nyekundu kwa jibu moja ambalo halitakosa kukufikia: kwamba wananchi walishindwa kwa sababu ya ushirikina. Mtahiniwa huliandika kwa ujasiri, hupigia mstari neno 'ushirikina', kisha huteremka kwenye hoja ya pili. Nasi walimu, kwa kuwa hoja imetajwa na mfano umetolewa, humpa alama zake na kufunua ukurasa. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo, hata likipata alama, limeuacha mchezo wenyewe mlangoni. Ushirikina ni jina tunalowapa watu wanaoamini jambo ambalo sisi hatuliamini. Mwandishi hakuuliza iwapo maji yanaweza kuzuia risasi. Alijua, na hadhira yake ilijua, kwamba hayawezi. Alichouliza ni nani aliyezungumza kwa kinywa cha Kinjeketile alipotoka mtoni, na huyo msemaji alitaka nini.

Tuanze na kilichotokea katika historia, kwa ufupi, maana mengi yamo katika vitabu vya somo hilo. Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba mwaka 1904 alivutwa majini na pepo, akalala humo, na kesho yake akatoka akiwa mzima na nguo zake kavu. Tangu hapo akagawa dawa ya maji. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba ya serikali huko Nandete, na mnamo tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi 1907. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa hufika kati ya watu 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuatia kuchomwa kwa vyakula na mashamba.

Sasa tazama tarehe hizo vizuri. Kinjeketile wa historia alinyongwa vita vikiwa na siku chache tu. Hakuona bunduki za mzinga zikifyeka watu waliopaka maji yake. Kinjeketile wa tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 ameachwa hai hadi mwisho, akashuhudia maangamizi, akatiwa gerezani na rafiki yake Kitunda. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya mtu wa historia. Mara nyingi huwa tunausoma utangulizi huo haraka haraka na kuupita, ilhali ufunguo uko papo hapo. Mwandishi ameingilia historia na kumwongezea mtu maisha. Kwa nini? Ili awe mtu anayejua. Shahidi aliyekufa mapema hana dhambi wala dhamira iliyojeruhiwa; shahidi anayebaki kuhesabu maiti ana vyote viwili.

Kabla ya pepo kuingia, nyumba ilikuwa imekwisha fagiliwa. Mchezo unaanza na wanawake wawili, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, na mazungumzo yao ni ya njaa. Wanaume wanalimishwa pamba katika shamba la Bwana Kinoo huku mashamba yao yakiota magugu. Chausiku, binti ya Kitunda, anachukuliwa na askari apelekwe kwa Bwana Kinoo, na wazazi wake hawana la kufanya. Wanaume wanapokutana kwa siri wapange jambo, Mmatumbi hamwamini Mkichi, Mzaramo hamwamini Mrufiji, na kila mmoja ana kesi ya zamani na mwenzake. Kodi ya kibanda ilikuwa imewekwa tangu 1898, na chini ya Gavana von Götzen kilimo cha lazima cha pamba kikaongezwa juu yake. Watu waliofikishwa hapo hawahitaji kudanganywa ili waende vitani. Wanahitaji kitu kimoja tu cha kuwaunganisha, na kitu hicho hawakukipata kwenye mkutano wa wazee. Kilitoka majini.

Hapa tunamfikia Hongo. Msomaji wa Kenya akilisikia jina hili masikio husimama, kwa kuwa kwetu hongo ni chai anayopewa mtu wa ofisi ili faili isonge. Tafadhali mwonye mtahiniwa wako asije akaandika kwamba mwandishi alilibuni jina hilo ili kukejeli ufisadi. Hongo ni jina la mzimu uliojulikana Rufiji kabla ya Hussein kuzaliwa. Sadfa ya maneno si jazanda.

Lililo muhimu zaidi ni aina ya kiumbe huyu. Kiswahili kinatupa neno 'shetani' likiwa na nyuso mbili. Kuna Shetani wa dini, Ibilisi, adui wa binadamu tangu mwanzo. Kuna pia shetani wa kilingeni, anayempanda mtu kichwani, akasema kwa ulimi wake, akadai ubani na kitambaa, kisha akishapewa haki yake huenda zake. Huyu wa pili si mwema wala mbaya kwa asili. Ni mwenye haja zake. Mtu aliyepandwa na shetani hasemi, husemewa. Akizinduka, aghalabu hakumbuki alichokinena. Hussein, mtu wa pwani ya kusini, aliijua mila hii kwa undani, na ameijenga tamthilia yake yote juu ya sahau hiyo.

Kinjeketile anatoka majini akiwa amepagawa. Anawataka watu wawe wamoja, na anawapa maji yatakayowakinga na risasi za Mjerumani. Umati unashangilia. Katika maneno hayohayo ya kupagawa kumo ahadi nyingine: kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia hilo pia. Mpenzi msomaji, simama hapa. Ukisoma mchezo huu kwa haraka, utalipita neno hilo kama walivyolipita wale waliokuwa wakishangilia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hulipita. Nakiri kwamba hata mimi nililifundisha kwa miaka kadhaa bila kulitilia maanani.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1905 alikuwa na karibu miaka hamsini kaburini. Unguja yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Juu ya hayo, enzi ya Masultani ndiyo iliyoifanya Kilwa kuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa, na hao watumwa walitolewa bara, katika nchi za wale wale wanaoahidiwa sasa kuwa 'watoto'. Kwa hivyo mzimu unawaambia watu wafe ili watoke mikononi mwa bwana mmoja warudi mikononi mwa bwana mwingine, tena maiti. Hussein hakulizua jambo hili. Limo katika masimulizi ya wazee, pamoja na ahadi kwamba waliokufa wangerudi na kwamba simba na chui hawangekula tena watu. Lakini katika masimulizi ni mstari mmoja miongoni mwa mingi. Hussein ameuchukua na kuufanya bawaba ya mlango.

Bawaba hiyo inageuka pale Kitunda anapomkumbusha rafiki yake alichokisema. Kinjeketile hakumbuki. Anapoelezwa, anaporomoka, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeelewa maana yake. Ikiwa neno la umoja na neno la Seyyid Said yametoka kinywa kimoja, basi aliyeyatoa ana shabaha yake. Ni Hongo aliyemdanganya? Ni nguvu nyingine iliyojivika vazi la Hongo? Au hakukuwa na yeyote ila Kinjeketile na kiu yake mwenyewe ya kuwaona watu wake wamesimama? Tamthilia haijibu. Wapo wahakiki wanaoshikilia moja ya majibu hayo matatu kana kwamba limeandikwa. Mimi naona kuwa kila jibu likichaguliwa peke yake linaupunguza mchezo. Kinjeketile anateseka kwa sababu hawezi kuchagua.

Yafaa hapa kukumbuka Macbeth ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Makbeth, ikachapishwa mwaka 1968, mwaka mmoja tu kabla ya Kinjeketile. Humo wachawi hawasemi uongo. Wanamwambia Macbeth kwamba hataangushwa na aliyezaliwa na mwanamke, wala hatashindwa mpaka msitu utembee. Na yote yanatimia kwa namna ambayo hakuitarajia. Banquo alikuwa amemwonya mapema kwamba nguvu za giza hutupa ukweli mdogo ili zitupate katika jambo kubwa. Hongo naye ametoa ukweli, na hapo ndipo penye hatari. Umoja ulikuwa wa kweli. Makabila yaliyokuwa yakiteta yaliunganika kwelikweli, jambo ambalo hakuna mzee wala jumbe aliyeliweza. Lakini Macbeth alidanganyika peke yake kwa tamaa yake; Kinjeketile amedanganyika pamoja na umma mzima, tena kwa ajili ya haki yao. Ndiyo maana hatuwezi kumcheka.

Baada ya kujua, anafanya nini? Anawaambia wasubiri. Wajifunze vita kwanza, wazidi kuungana, maji yasitegemewe kabla ya wakati. Hawezi kusema waziwazi kwamba ana shaka, maana shaka yake ikisikika umoja utavunjika siku hiyohiyo. Hawezi kunyamaza pia, kwa kuwa ukimya wake ni hukumu ya kifo kwa watu wasio na silaha. Wapiganaji wanachoka kungoja. Neno alilolizaa limekua, limempita kimo, na halimsikilizi tena. Vita vinaanza bila idhini yake. Mtahiniwa anayetafuta mfano wa kinaya asihangaike kwingine: kiongozi wa vita ndiye mtu pekee asiyetaka vianze.

Swali gumu zaidi limewekwa mwisho, gerezani. Watu wamekwisha uawa. Mjerumani anamtaka Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, ambaye si mwoga wala si msaliti, naye anamtaka aseme. Hoja ya Kitunda ina uzito: ni kweli, na watu wamekufa kwa sababu ukweli huo haukusemwa. Kinjeketile anakataa. Akikiri, Mjerumani hatatangaza tu kwamba maji ni uongo; atatangaza kwamba na lile walilolipigania ni uongo, na watoto na wajukuu watalirithi hilo.

Miongozo mingi humsifu hapa kama shujaa na kufunga daftari. Ni shujaa, sikatai. Lakini ninapousoma mwisho huu siachi kuona kwamba ukimya wa gerezani ni mwana wa ukimya wa awali. Mara ya kwanza alinyamaza kulinda umoja, na watu wakafa. Mara ya pili ananyamaza kulinda kumbukumbu ya waliokufa. Ukimya wa pili ni wa haki kwa sababu anayelazimisha maneno ni adui, na ukweli mkononi mwa adui hugeuka silaha. Wa kwanza siwezi kuutetea kwa urahisi hivyo. Alikuwa na nafasi, hata kama ni finyu, ya kumwambia Kitunda na makamanda wote kila kitu. Hussein hamwondolei lawama hiyo, na Kitunda amewekwa gerezani ili lawama hiyo ipate mtu wa kuitamka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, Hussein alichapisha Mashetani. Huko vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Binadamu anadhani amemuua Shetani, na Shetani anacheka. Ni vigumu kutosikia mwangwi wa Hongo katika kicheko hicho. Uhuru umepatikana, mkoloni ameondoka, lakini swali la nani anasema kwa kinywa cha nani halijaondoka. Mwalimu mwenye vipindi vya ziada aisomeshe tamthilia hii bega kwa bega na ile. Mwenye haraka ya kumaliza silabasi walau aitaje.

Kuhusu mtindo nitasema machache. Maneno ya kupagawa hayapangwi kama mazungumzo ya kawaida; yana pumzi fupi na urudiaji wa mtu anayesemewa. Yasomwe kwa sauti. Mwanafunzi anayeyasoma kimya kimya hawezi kung'amua mahali Kinjeketile anapokoma na mwingine anapoanza.

Nami hupenda kuwapa kazi moja kabla ya insha yoyote. Wanafunzi wawili wakae chini mbele ya darasa, mmoja Kitunda, mwingine Kinjeketile, vitabu vimefungwa. Kitunda aulize swali moja tu: ulijua tangu lini? Mwenzake ajibu kwa maneno yake mwenyewe, na darasa limkatize kila anapodanganya.