Kalamu ya Mhandisi

Katika vyuo vingi vya uhandisi somo la uandishi huwa kama viatu mlangoni: huvuliwa kabla ya kuingia ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuandika barua, kupanga vichwa vya taarifa na kutaja vitabu alivyosoma. Akisha kufaulu mtihani huambiwa ageukie kazi yenyewe, yaani hesabu, mashine na maabara. Mpango huu una dhana ndani yake, nayo ni kwamba mhandisi kwanza hujua, kisha huandika alichokijua. Dhana hiyo yastahili kupimwa, maana imepata kugharimu roho za watu.

Mafundisho yenyewe si mapya. Samuel Chandler Earle, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Tufts huko Marekani, alitoa kitabu juu ya uandishi wa kifundi mwaka 1911. Tangu hapo vitabu vya namna hiyo vimeongezeka, na vingi hufundisha mambo mema: sentensi fupi, neno moja kwa maana moja, muhtasari mbele na ushahidi nyuma. Hakuna wa kuyalaumu hayo. Lawama ni kwamba hayafiki pale ambapo kosa huzaliwa.

Mfano ulio wazi ni wa chombo cha anga Challenger, kilichovunjika tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka kutoka Florida, watu saba wakafa. Chanzo kilikuwa mipira ya mviringo iliyoziba maungio ya roketi ya upande wa kulia. Baridi ya asubuhi ile iliikakamaza, nayo ikashindwa kuzuia gesi ya moto. Udhaifu huo haukuwa siri kwa wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo. Tarehe 31 Julai 1985 mmoja wao, Roger Boisjoly, alimwandikia mkuu wake waraka juu ya jambo hilo.

Waraka ule ukisomwa kwa jicho la uhakiki hauna la kuonewa haya. Sentensi ya kwanza yasema kwa nini umeandikwa. Matokeo yanayoogopwa yametajwa kwa jina lake, yaani vifo vya watu, bila ya kufunikwa kwa maneno laini. Mwisho wake mwandishi aeleza hofu yake waziwazi, na kutaka kiundwe kikosi cha kulitatua tatizo. Mwalimu yeyote angeupa alama za juu. Walakini hatari ilikuwa ingali pale pale miezi sita baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa aliyeuona ufa alisema, na aliyekuwa na udongo hakuziba. Basi mwenye kudai kwamba uandishi mwema watosha peke yake kuokoa watu amejibiwa na waraka huo.

Usiku wa kuamkia siku ya kuruka, wahandisi walizungumza na wakubwa wa NASA kwa simu, wakawapelekea kurasa 13 za chati na maelezo. Shauri lao lilikuwa chombo kisiruke katika baridi inayopita ile ya safari ya baridi kuliko zote zilizotangulia, yaani nyuzi 12 hivi za sentigredi. Baada ya mabishano wakubwa wa kampuni waligeuza shauri hilo, na ruhusa ikatolewa. Kurasa zile zimehakikiwa sana, hasa na Edward Tufte katika kitabu chake cha mwaka 1997. Alizilaumu kwamba hazikutaja majina ya waliozitengeneza, na tena kwamba hazikuziweka safari zote pamoja, kila moja na joto lake.

Lawama ya pili ndiyo yenye uzito. Kabla ya siku ile safari zilikuwa 24. Tume ya Rais iliyochunguza ajali ilizipanga zote kwa joto. Katika 4 zilizofanywa chini ya nyuzi 18 hivi, zote zilionyesha madhara katika mipira; katika 20 za joto zaidi, 3 tu. Anayetazama zile zenye madhara peke yake huona moja ya baridi na nyingine ya joto, na baridi haionekani kuwa na hatia. Akiongeza zile zilizopona, hatia yajidhihirisha. Safari iliyopona ni shahidi sawa na iliyodhurika, naye shahidi huyo hakuitwa.

Ni haki kusema kwamba Boisjoly na wenzake walimjibu Tufte mwaka 2002. Walidai kwamba alichanganya joto la hewa na joto la mipira yenyewe, na kwamba aliwatwika wahandisi mzigo wa khabari wasizokuwa nazo mikononi usiku ule. Jibu hilo lina nguvu, kwani ni rahisi kuchora mchoro mwema wakati jibu limekwisha kujulikana. Walakini halifuti somo. Je, kukosekana kwa safari zilizopona ni kosa la kuandika au la kutafiti? Swali hilo halijibiki, kwa kuwa lagawa kitu kisichogawanyika. Anayekaa kuchora safari zote kwa joto lake hugundua mara moja khabari asiyokuwa nayo, akaenda kuitafuta. Kalamu humwonyesha mwenyewe kabla ya kumwonyesha msomaji.

Miaka 17 baadaye jambo lilijirudia kwa sura nyingine. Tarehe 16 Januari 2003 kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la chombo Columbia na kupiga bawa la kushoto. Wahandisi walitakiwa kukadiria madhara, nao wakaandika ukurasa wa vifungu vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Kichwa chake chatuliza moyo. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya «kubwa» au «muhimu» limetumika mara tano, wala halielezi kitu kimoja. Na khabari iliyopasa kutangulia, kwamba povu lile lilikuwa mara 640 ya lile lililojaribiwa, imewekwa chini kabisa. Chombo kilivunjika tarehe 1 Februari 2003, wakafa saba wengine. Tume iliyochunguza ilishangaa kupewa kurasa za namna hii mahali pa taarifa kamili za kifundi.

Yafuatayo basi ndiyo yanayopasa kufundishwa. Mwanafunzi aandike tangu siku ya kwanza ya utafiti wake: aseme anatafuta nini, ni jambo gani likionekana litamkanusha, na ni vipimo vipi hajavipata. Taarifa yake isomwe na mwalimu yule yule anayesahihisha hesabu zake, ili asije akaamini kwamba hesabu ni za mhandisi na maneno ni ya karani.

Katika vyuo vya Afrika Mashariki mafundisho haya yana mzigo wa pili. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Fundi atakayejenga na mwanakijiji atakayevuka daraja huzungumza Kiswahili. Watu wengi huuona mzigo huu kuwa hasara tupu, lakini ndani yake mna mizani. Mwanafunzi akitakiwa kuieleza taarifa yake kwa Kiswahili chepesi, maneno ya kuazima yaliyoficha ujinga humponyoka, na kilichobaki ndicho anachokijua. Kikiwa kidogo, bora kionekane maabarani kuliko darajani.