Kitufe Hupimwa Kinapoachiwa

Kuna picha ya kasha la gemu inayozunguka kwenye simu za vijana kuanzia Palma hadi Mtwara, na kila anayeituma anaisindikiza na sifa. Plaiwudi imepigwa rangi nyeusi ikang'aa, stiki ina mpira mwekundu, vitufe vinane vinawaka buluu, kijani na zambarau. Kasha hilo nimelishika kwa mikono yangu. Useremala wake ni safi, pembe zimekutana vizuri, msasa umepita kila mahali. Vitufe vyake ni vibovu. Hilo ndilo linaloniuma: kazi nzuri namna ile imemalizikia kwenye vitufe visivyofaa, na watu wanapiga makofi kwa sababu vinawaka.

Sisi wa Namoto vitu vingi vinatufikia kwa kuvuka Ruvuma kutoka Kilambo. Vitufe vinakuja kwenye mifuko ya nailoni, halisi na bandia vimechanganywa humohumo, na ukishavuka navyo mto hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo mtu lazima ajue kuchagua palepale, mbele ya muuzaji.

Ya haraka niyamalize kwanza. Vya kupigia ni milimita 30, cha kuanzia na cha kusimamisha ni 24. Vile vya Happ vya Kimarekani, vyenye kichwa kilichobonyea kidogo katikati, viliundwa vivumilie ngumi za watu kwenye mashine za kulipia sarafu. Havivunjiki, lakini safari ya kubonyea ni ndefu na kidole kinachoka mapema. Vya Kijapani, Seimitsu ni vikakamavu, Sanwa ni vyepesi. Mimi ni mtu wa Sanwa OBSF-30, na sijaona sababu ya mtu wa pwani hii kutumia kingine.

OBSF hushikwa na kulabu zake mbili za plastiki, na kulabu hizo zinataka bamba jembamba. Ukiitia kwenye plaiwudi ya milimita 18 itachezacheza mpaka utaichukia. Ama chukua OBSN yenye nati, inayovumilia ubao mnene zaidi, ama chimba ubao kwa chini. Namjua mchongaji mmoja wa Kimakonde, mtu wa mpingo tangu utoto wake, aliyechimba ubao wa mninga kwa patasi mpaka ukabaki kama milimita tatu, tundu kwa tundu, na kwa juu huoni alama yoyote. Hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Vitufe vilikaa, havikutikisika tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni kabisa. Mgeni hubonyeza. Anabonyeza tena na tena, anasikia "tik", anatabasamu, anatoa pesa. Hajapima kuachia. Nasema kuachia kwa makini, kidole kikipanda polepole na sikio likiwa karibu. Maikroswichi, ile swichi ndogo iliyo ndani ya kitufe, ina sauti mbili, ya kushuka na ya kupanda. Ya kushuka hata swichi ya ovyo inayo. Ya kupanda ndiyo inayokuonyesha unanunua nini.

Ndani ya swichi kuna jani jembamba la chuma lililobanwa kwa mkazo. Kiini, ile sehemu inayobonyezwa, kikishuka kufikia kina fulani, jani linaruka na kugusa. Ukiachia, haliruki kurudi palepale liliporukia, linangoja kiini kipande kidogo zaidi. Umbali kati ya vituo hivyo viwili ndiyo thamani yote ya kitufe. Kwenye swichi nzuri umbali huo ni wa kunyanyua kidole kidogo tu, na kitufe kiko tayari kupigwa tena. Kwenye swichi mbovu, tik ya pili inakuja wakati kiini kimekaribia kufika juu kabisa. Mchezaji anayegonga harakaharaka anapiga mara ya pili kabla ya ile ya kwanza kuachiliwa, pigo halitoki, naye anavilaumu vidole vyake bure.

OBSF-30 haina springi yake ya pembeni. Kiini kimekaa moja kwa moja juu ya swichi, na nguvu yote ya kukirudisha inatoka kwenye swichi hiyo ndogo. Ukuta wa kiini ukikwaruza hata kidogo, kurudi kunakuwa kwa kusitasita. Kwa hiyo usibonyeze katikati peke yake. Weka ncha ya kidole ukingoni, ushushe hadi mwisho, uachie. Halafu ukingo wa upande wa pili. Bandia nyingi zinaanguka mtihani huo: zinashuka vizuri, kisha zinapanda kama mlango wenye bawaba kavu.

Wapo wanaoniambia kwamba hizo ni ndoto za fundi, kwamba mchezo unasoma kubonyeza tu. Wakacheze Street Fighter. Tangu Street Fighter II ya mwaka 1991, mchezo unasoma kubonyeza na kuachia vilevile: shikilia kitufe cha ngumi, zungusha stiki, kisha achia, na mpira wa nguvu, Hadouken, unatoka. Bondia Balrog wa mchezo huo ana ngumi inayojazwa kwa kushikilia vitufe vyote vitatu vya ngumi, au vyote vitatu vya mateke, na hutoka vinapoachiwa. Fremu ni 60 kwa sekunde, kila moja haifiki milisekunde 17. Swichi inayosita kwenye kurudi inakula fremu zako, na hakuna mazoezi yatakayozirudisha.

Kwenye makasha yasiyo na stiki, ambayo mwelekeo nao ni vitufe, jambo hili linazidi uzito, kwa sababu kusimama kwenyewe ni kuachia kitufe. Bingwa wa Street Fighter, Daigo Umehara, alipogeukia kasha la namna hiyo, lililotengenezwa kwa mkono, Capcom, wenye mchezo huo, haikumruhusu kulitumia kwenye mashindano ya Final Round mwaka 2019. Ubishi ulikuwa juu ya mpangilio wa vitufe vya mwelekeo, na hiyo ni mada nyingine. Ninachosema ni kwamba mtu wa kiwango kile aliikabidhi miguu ya mpiganaji wake kwa vitufe vitupu.

Matapeli nao wamesoma. Ng'ambo kuna muuzaji anayenunua vitufe halisi vilivyochakaa, anavisafisha kwa sabuni, anang'oa swichi za ndani na kupachika za bei ya chee. Ganda ni la kweli, moyo ni wa bandia. Nilikuwa pale kijana mmoja alipotaka kulipa.

"Fundi, si umesikia kinavyolia?"

"Nimekisikia kikishuka, mwanangu. Hebu kiachie polepole."

Akaachia. Kimya, kimya, halafu tik hafifu juu kabisa. Nikatoa mita ya umeme, nikaiweka kwenye mlio, ncha mbili kwenye masikio ya swichi, pale nyaya zinaposhika. Mlio mzuri huanza mara moja na kukatika mara moja. Ule ulikuwa unakoroma. Muuzaji akaanza kukunja mfuko wake.

Kuhusu rangi sitaki mjadala. Kasha ni la rangi moja ya vitufe, mbili zikizidi sana, moja kwa ngumi na moja kwa mateke. Vya kupitisha mwanga havifai. Taa ndani ya kitufe ni nyaya za ziada, na nyaya za ziada ni mahali pa ziada pa kuoza.

Zamani, kabla ya shambulio la Machi 2021 kuwatawanya watu wa Palma, vibanda vya gemu vilikuwa na Tekken 3 kwenye PlayStation iliyochoka, na makasha ya kwetu yalizaliwa kwenye pedi zilizovunjika. Fundi alikwangua bodi ya pedi kwa wembe mpaka shaba ikaonekana, akachomea nyaya kwa risasi, moja kwa kila kiungo cha mwili wa mpiganaji, mikono miwili na miguu miwili. Vitufe vilikuwa vya kuokoteza, kwa hiyo kila kimoja kilisikilizwa kikipanda na kikishuka kabla hakijapewa tundu. Leo bodi inakuja na nyaya zake tayari, mtu anachomeka tu, na sikio limeachwa nje ya kazi.

Tena huku kwetu chumvi iko hewani mwaka mzima. Inaanza na masikio ya swichi, yanageuka kijani, kisha inaingia ndani na tik ya kupanda inakuwa ya kwanza kufa. Masikio ya Sanwa ni ya milimita 2.8. Usiyachomee risasi, tumia vichwa vya kubana, ili swichi itoke bila vita siku ya kuibadilisha. Na ukipata mfuko wenye vitufe vilivyopita mtihani wa kuachia, usinunue vinane. Chukua vyote vilivyopita, uvihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, kwa sababu mfuko unaofuata hautakuwa uleule.