Wema Usiogharimu: Uhakiki wa Hadithi Sahili za Kujifunzia Kiingereza kwa Kuitazama Rwezamenyo, Kigali

Ikisiri

Hadithi fupi za maisha ya kila siku zenye funzo la wema zimekuwa nyenzo inayopendwa ya kujifunzia Kiingereza katika shule za msingi na madarasa ya watu wazima Afrika Mashariki. Makala haya yanazihakiki kama fasihi, si kama zana ya kufundishia tu, na yanauchukua umurenge wa Rwezamenyo katika wilaya ya Nyarugenge, Kigali, kuwa mahali pa kuzipimia. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa hadithi hizi hautokani na uchache wa maneno yake, bali na wema usiomgharimu mhusika chochote. Na kwamba udhaifu huo unaingia sasa katika vitabu vya watoto vya Kiswahili kwa njia ya tafsiri.

Kisa kinachojulikana

Msichana anatoka shuleni. Anamwona mwanamke mzee amebeba mfuko mzito. Anausaidia mfuko ufike nyumbani. Mwanamke mzee anashukuru, msichana anafurahi, na ukurasa unaofuata una maswali matano na orodha ya maneno mapya. Msuko huu nimeufupisha mwenyewe, wala sikuutoa katika kitabu kimoja mahususi. Hapakuwa na haja, kwa kuwa yeyote aliyewahi kufungua furushi la vitabu vya ngazi amekutana nao katika sura mbalimbali: mfuko huwa mkoba uliookotwa, mzee huwa mbwa aliyeumia mguu, msichana huwa mvulana mwenye chakula cha mchana anachomgawia mwenzake. Kinachobaki vilevile ni mwisho. Aliyesaidia hupata shukrani papo hapo, na hakuna aliyepungukiwa.

Utanzu huu hauna wahakiki. Wanaisimu matumizi huupima kwa idadi ya maneno na urefu wa sentensi. Wahakiki wa fasihi huupita kama vile si fasihi. Hali hiyo ingevumilika kama vitabu hivi vingekuwa kando ya maisha ya msomaji. Nchini Rwanda haviko kando. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Oktoba 2008 baraza lake la mawaziri likaamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirejeshwa kwa madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitaanzia darasa la kwanza. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 2017, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne. Kwa mtoto aliyeanza shule chini ya utaratibu huu, hadithi ya mfuko wa bibi yaweza kuwa hadithi ya kwanza kabisa kuisoma kwa macho yake, katika lugha yoyote.

Nasaba ya usahili

Usahili wa lugha katika vitabu hivi una historia, na ni historia ya heshima. Michael West, akiwa mwalimu Bengali katika miaka ya 1920, aliona wanafunzi wakikwama kwa maneno adimu yaliyojaa katika vitabu vyao, akaanza kuandika upya masimulizi kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi yapatayo 2,000, bado ni kivuli nyuma ya vitabu vingi vya ngazi vinavyofika kwetu. Utafiti wa baadaye umempa haki kwa kiasi kikubwa. Hu na Nation (2000) walionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takribani maneno 98 katika kila 100 ili aelewe hadithi bila msaada. Elley na Mangubhai (1983) walipeleka vitabu vingi vya hadithi vyenye picha katika shule za vijijini huko Fiji, na watoto waliovisoma wakawaacha mbali wenzao waliofundishwa kwa mazoezi ya sarufi. Tanzania nayo ilijaribu njia hiyo baada ya ripoti ya Criper na Dodd (1984) kubainisha jinsi Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilivyokuwa duni: mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulisambaza vitabu vya ngazi mashuleni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo sibishani na maneno machache. Anayedai kwamba mtoto wa darasa la tatu aanze na riwaya hajawahi kusimama mbele ya darasa la tatu. Nabishana na dhana iliyoingia kimyakimya pamoja na maneno machache, kwamba lugha ikiwa sahili basi na jambo linalosimuliwa liwe sahili. Hilo halimo katika matokeo ya Fiji. Vitabu vya Fiji vilichaguliwa kwa sababu vilivutia, na kisichomvutia msomaji hakisomwi mara ya pili.

Adabu ikiitwa wema

Turudi kwa msichana na mfuko. Rwezamenyo imepakana na Nyamirambo na haiko mbali na Biryogo, mtaa uliotengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Waislamu na wafanyabiashara waliokuja na Kiswahili chao. Hadi leo Kiswahili husikika huko dukani, msikitini, kwa kinyozi, na kwa majirani wenye asili ya Kongo, Burundi na Tanzania, kikiwa sambamba na Kinyarwanda cha nyumbani. Katika lugha hizi mbili mtoto hasemwi kuwa ametenda wema kwa kumbebea mzee mzigo. Kiswahili kina kitenzi chake: mtoto *humpokea* mkubwa mzigo. Anayempokea ametimiza adabu; asiyempokea ndiye anayezungumzwa, na huenda habari ikafika nyumbani kabla yake. Hadithi ya Kiingereza inachukua kilicho wajibu, inakiita fadhila, na kukipa zawadi ya shukrani na furaha. Mtoto wa Rwezamenyo anayeisoma kwa makini ana haki ya kushangaa: kuna jambo gani hapa la kusimulia?

Kuna la pili, na pengine kwa mtoto ni kubwa zaidi. Msichana wa hadithini hamsalimu mzee. Anafika, anaushika mfuko, wanatembea. Salamu imeachwa kwa sababu somo la salamu lilikuwa sura ya kwanza na hii ni sura ya sita. Mzee naye hana jina la kuitwa; hakuna bibi, hakuna Mama Fulani, hakuna undugu wowote wa kumwekea mtoto mahali pa kusimama. Katika jamii ambamo mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kumwacha mhusika bila jina la heshima ni kumwondoa katika jamii hiyo.

Maneno yenyewe hayalingani pia, na hapa mwalimu anaachwa peke yake. *Sorry* ya Kiingereza hubeba kazi mbili ambazo Kiswahili kimezitenga: *samahani* ya aliyekosa na *pole* ya anayemhurumia aliyefikwa na jambo. Kinyarwanda nacho kinatenga, kwa *mbabarira* na *wihangane*. Hadithi nyingi za wema huanza na mtu aliyeanguka na mpita njia anayesema *sorry*. Mtoto anayetafsiri kichwani hujiuliza kama mpita njia ndiye aliyemwangusha. Vivyo hivyo *please*, ambayo vitabu huifanya kipimo cha adabu, ilhali katika Kiswahili adabu ya kuomba hukaa ndani ya kitenzi na katika salamu iliyotangulia, na *tafadhali* mara nyingi husikika zaidi kwenye tangazo la ofisini kuliko jikoni. Na *kind*? Tunayo *wema, ukarimu, hisani, fadhila, huruma, upole, utu*. Kinyarwanda kina *ubuntu*, neno ambalo huko hubeba ukarimu na pia kutolewa bila malipo. *Hisani* na *fadhila* huacha deni. *Wema* wa anayetenda na kwenda zake hauachi. Kiingereza cha ngazi hukusanya haya yote katika neno moja lenye herufi nne, kisha huuliza katika swali la kwanza kama msichana alikuwa hivyo, ndiyo au siyo.

Gharama

Nikitakiwa kutaja kasoro moja tu ya utanzu huu, nitataja gharama. Katika mtaa wa kipato kidogo, wema ni suala la hesabu. Kuna *ikimina*, mfuko wa akiba ambao wajuao Kiswahili wataufananisha na upatu, na kuna mwanachama aliyeshindwa kutoa zamu yake. Kuna mchango wa msiba. Kuna futari inayopelekwa kwa jirani asiyefunga. Kuna *umuganda* wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao ni kazi ya pamoja na pia ni wajibu wa kisheria. Katika haya yote mtu hutoa kitu ambacho angeweza kukitumia mwenyewe, hutoa akijua ataonekana, na wakati mwingine hutoa akinung'unika. Huo ndio mgogoro, na bila mgogoro hakuna hadithi, kuna picha tu.

Ipo pia historia ambayo hadithi za mfuko haziwezi kuikaribia. Neno *umuswahili* katika Kinyarwanda lilibeba kwa muda mrefu maana ya Mwislamu, na pia ya mtu mjanja asiyeaminika. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watafiti wameandika kwamba Waislamu wengi, hasa katika mitaa hii, waliwaficha waliokuwa wakisakwa, ingawa si wote waliofanya hivyo. Kufungua mlango kulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana. Sisemi vitabu vya darasa la pili vibebe mzigo huo. Nasema tu kwamba mwandishi anayeandika juu ya wema kwa watoto wa vilima hivi anaandikia watu ambao babu na bibi zao wanajua wema hugharimu nini, na wasomaji hao si wageni wa jambo lenyewe.

Kwamba masimulizi sahili yaweza kubeba uzito huu tumeshaona. Tamthilia ya redio *Musekeweya*, iliyoanza kutangazwa kwa Kinyarwanda mwaka 2004, husimulia vijiji viwili vyenye uhasama kwa lugha ambayo mkulima yeyote huielewa. Paluck (2009) aliwalinganisha wasikilizaji wake na wasikilizaji wa tamthilia nyingine ya redio iliyohusu afya. Matokeo yalikuwa ya kuvutia kwa mhakiki: imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana, lakini walibadilisha mtazamo wao juu ya kile ambacho jamii inakiona kuwa cha kawaida kutendwa. Washauri wa sera wanaodai hadithi za wema zitawajengea watoto tabia njema wangefaa kuyatazama matokeo hayo kabla ya kuahidi zaidi. Na watazame pia jinsi tamthilia hiyo ilivyojengwa: ndani yake wapo wanaokataa kusaidia, na wana sababu zao.

Sukari

Linganisha kisa cha mfuko na hiki, nilichokitunga kwa ajili ya hoja hii. Jirani aliomba sukari jana na juzi. Leo mama alinituma nikamwambie hatuna. Sukari ilikuwapo. Nilikwenda, nikamwambia. Alitabasamu, akanipa mayai mawili nimpelekee mama.

Kwa Kiingereza, maneno ya kisa hiki ni ya aina ile ile ambayo orodha ya West iliyakusanya, na sentensi zake ni fupi kama zile za mfuko. Lakini mtoto ana la kuuliza. Je, jirani alijua? Mama atafanya nini na mayai? Msimulizi alidanganya, au alitii? Swali la mwalimu haliwezi tena kujibiwa kwa ndiyo au siyo, na mwanafunzi anayetaka kulijibu atalazimika kutafuta maneno ya Kiingereza ambayo hayamo ukurasani. Hapo ndipo lugha hujifunzwa.

Tafsiri kuja kwetu

Sababu ya kulileta jambo hili mbele ya wataalamu wa Kiswahili ni mwelekeo wa tafsiri. Maktaba huria za mtandaoni, ikiwamo ya mradi wa African Storybook ulioanza mwaka 2014, zimefanya kazi kubwa ya kuwapa watoto hadithi katika lugha nyingi za Kiafrika, na nyingi kati ya hizo ni hai na za kuchekesha. Lakini uwazi huo huo unarahisisha hadithi ya mfuko kuhamishwa kutoka Kiingereza neno kwa neno. Matokeo yake ni Kiswahili cha namna hii: *Yeye ni msichana mwema. Yeye anapenda kusaidia.* Kiwakilishi *yeye* kinasimama pale ambapo kiambishi kingetosha, kama mgeni aliyekaa kitini ambacho kina mwenyewe. Mtoto wa Rwezamenyo anayekutana na Kiswahili cha maandishi kwa mara ya kwanza hapa atadhani kwamba Kiswahili cha kitabuni ni kingine na cha mtaani ni kingine, na atakuwa hajakosea.

Kamati zinazopitisha vitabu huwa na jedwali la vigezo: maneno kwa ukurasa, ukubwa wa herufi, usawa wa jinsia, ubora wa picha. Vigezo hivyo vibaki. Kiongezwe kimoja, cha kujazwa na msomaji wa pili asiyeona alama za wa kwanza: katika hadithi hii nani anapoteza nini? Ikiwa jibu ni hakuna na hakuna, hadithi irudishwe kwa mwandishi, hata kama maneno yake yote yamo katika orodha.

Na mwelekeo wa tafsiri ugeuzwe. Visa vikusanywe kwanza kwa Kinyarwanda na Kiswahili kutoka kwa watu wazima wa Rwezamenyo, vikiwa na salamu zake, majina yake na madeni yake. Kisha mwalimu wa Kiingereza na mwanafasihi wakae pamoja kuviandika kwa Kiingereza sahili. Kazi hiyo ni ya polepole kuliko kutafsiri, maana mwalimu atataka kuiondoa salamu ili kuokoa mstari mmoja, na mwanafasihi atakataa.