Utafiti wa Haki za Binadamu na Dua ya Aliyedhulumiwa

Ndugu msomaji, atokaye Makambako kwenda Mbeya huuvuka Mto Mbarali pale Igawa. Hapo pana kituo cha kupimia maji, na vipimo vyake vimetumiwa na watafiti wa vyuo vikuu vya hapa na vya ng'ambo. Mto huo huingia bonde la Usangu, ambalo maji yake huulisha Ruaha Mkuu. Tangu 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, watu wakauliza: nani ameyamaliza maji?

Viongozi wengi walijibu: ng'ombe. Kwa hoja hiyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi. Mwaka 2008 bonde likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulikwisha kueleza kuwa sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia wakaendelea na uchunguzi wa maji hayo. Mwaka 2012 Martin Walsh akachapisha makala iliyoonyesha jinsi hofu juu ya mto huo ilivyojengwa.

Basi elimu ilikuwepo. Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wasomi wenyewe kwa wenyewe. Mfugaji aliyetuhumiwa hakuwa na karatasi ya kujitetea. Suratul-Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Watafiti hawakuficha kwa makusudi, lakini kwa aliyehojiwa matokeo hayakutofautiana sana.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2023 Taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha ripoti juu ya mradi wa REGROW, uliopewa dola milioni 150 na Benki ya Dunia, na malalamiko ya wanavijiji yakafika kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo. Aprili 2024 benki ilisimamisha kutoa fedha, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Anayesema utafiti wa namna hii hauna faida hajasema kweli.

Wako kati yetu wanaosema haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Hao wairejee Sahih Bukhari. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kulinda hima, yaani malisho yaliyotengwa, alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Auf na Ibn Affan. Matajiri hao wakipotelewa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini akipotelewa, atamjia Khalifa na watoto wake akilia.

Kwa hiyo kutenga ardhi kunakubalika katika sheria, lakini kwa sharti la kumtazama mnyonge kwanza. Hiki ndicho kipimo cha kuiuliza Usangu: mwenye ng'ombe kumi alitenganishwa na mwenye elfu? Na maji ya mashamba makubwa yalihesabiwa kama yalivyohesabiwa maji ya ng'ombe? Swali hilo lingepasa kutoka misikitini kabla ya kutoka California.

Kwa maimamu wa Igawa na Rujewa nina ombi moja. Mtafiti akija kuuliza, asaidiwe, kisha aulizwe: utarudi lini kutusomea kwa Kiswahili ulichoandika? Na vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro waingie katika mitandao hii ya wasomi wakiwa na fiqhi ya hima mkononi. Ushahidi ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.