Tolstoy na Watolstoy: Riwaya Mikononi mwa Wafuasi

Watunzi wa riwaya waliopata wasomaji ni wengi. Waliopata wafuasi ni wachache mno. Miongoni mwa hao wachache Lev Tolstoy (1828–1910) ana mahali pake peke yake, kwa sababu harakati iliyochukua jina lake ilienea kutoka Urusi hadi Uingereza, Uholanzi, Kanada na Afrika Kusini, na ilikuwa na matbaa, makoloni, wadhamini, wafungwa na ugomvi wake wa ndani. Alipomaliza Anna Karenina mwaka wa 1877, Tolstoy alikuwa akikaribia umri wa miaka hamsini. Katika Ungamo alieleza jinsi umaarufu, mali na familia vilivyoshindwa kumpa sababu ya kuendelea kuishi. Kutokana na dhiki hiyo yalizaliwa mafundisho yaliyojengwa juu ya Hotuba ya Mlimani: mtu asipinge uovu kwa nguvu, asiape, asitumikie jeshi wala mahakama, asile nyama, ale jasho la mikono yake.

Wanahistoria wamebishana sana kama mafundisho hayo yanatekelezeka. Swali hilo si la mhakiki wa fasihi. La mhakiki ni jingine: riwaya inapatwa na nini pale mwandishi wake anapogeuzwa kuwa mwalimu, na wasomaji wake wanapojipanga kuwa shule?

Jibu haliwezi kutafutwa bila kumtaja Vladimir Chertkov. Huyu alizaliwa mwaka wa 1854 katika jamaa ya makabaila matajiri waliokuwa karibu na ikulu, akawa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, kisha akaacha jeshi. Alionana na Tolstoy mjini Moscow mwaka wa 1883, na tangu siku hiyo hawakuachana kwa moyo hata walipoachana kwa mahali. Mwaka uliofuata walianzisha nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Posrednik, yaani Mpatanishi, ili kuwafikishia wakulima vitabu vyema kwa bei ya kopeki chache. Vitabu hivyo vilichapwa na Sytin, vikabebwa vijijini na wachuuzi wale wale waliozoea kuuza picha za watakatifu na hadithi za majambazi. Hadithi fupi za Tolstoy, kama ile inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani (1886), zilisomwa kwa njia hiyo na watu ambao Vita na Amani isingaliwafikia kamwe. Hakuna haja ya kuwa bahili wa sifa hapa. Kwa kazi hiyo peke yake Chertkov anastahili heshima katika historia ya usomaji, na hadithi zenyewe, kwa uchache wa maneno yake na unyofu wa masimulizi yake, ni sanaa halisi.

Ugumu ulianza pale ambapo kazi ya Tolstoy haikukubali kuwa mfano wa fundisho. Sonata ya Kreutzer, iliyokamilika mwaka wa 1889, ni masimulizi ya Pozdnyshev, mtu aliyemwua mkewe kwa wivu, akihadithia kisa chake ndani ya treni usiku kucha, mbele ya msikilizaji asiyejua ajibu nini. Anaishutumu ndoa, muziki, madaktari na mapenzi ya kimwili kwa jumla. Je, maneno yake ni hukumu ya mwandishi, ama ni kelele za mtu aliyeharibikiwa? Nguvu yote ya kisa hicho imo katika kutojua huko. Msomaji hana budi kusikiliza hoja zinazomchoma kutoka kinywani mwa mtu asiyeaminika. Nakala zake zilizunguka kwa siri kabla ya kuruhusiwa kuchapwa, na barua zikamiminika zikiuliza maana yake. Wasomaji walitaka jibu, na Chertkov naye akahimiza jibu litolewe. Mwaka wa 1890 Tolstoy aliandika makala ya nyongeza, akaeleza hoja moja baada ya nyingine kwamba usafi wa mwili ndio lengo la Mkristo. Kwa kurasa chache hizo mwuaji aligeuzwa kuwa mhubiri, na swali lililokuwa likichoma likapewa jibu linaloweza kukaririwa. Cha ajabu ni kwamba aliyekwenda kwa mfalme Alexander wa Tatu mwaka wa 1891 kuomba kisa hicho kiruhusiwe kutolewa alikuwa Sofia, mke wa Tolstoy, ambaye ndiye aliyeumizwa nacho kuliko mtu mwingine yeyote.

Itakuwa si haki kumtwika Chertkov lawama zote. Tolstoy mwenyewe alishiriki. Katika Sanaa ni Nini?, kilichotoka miaka ya 1897 na 1898, alipima kazi zote kwa hisia inazoambukiza na kwa wema wa hisia hizo. Alipofika kwenye kazi zake mwenyewe alizitupa karibu zote katika fungu la sanaa mbaya, akabakiza hadithi mbili fupi za mwaka wa 1872. Yaani Vita na Amani ilihukumiwa na mtunzi wake. Wafuasi walioiona riwaya kuwa ganda na fundisho kuwa kiini hawakumsaliti mwalimu wao, walimtii.

Desturi hiyo si ngeni katika masomo ya Kiswahili. Kwa miaka mingi mwanafunzi amefundishwa kugawa riwaya katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha ujumbe kana kwamba ni mizigo inayoshushwa kutoka lori. Kusadikika cha Shaaban Robert kimepata hasara kwa mbinu hiyo: utetezi wa Karama mbele ya baraza umesomwa kama risala juu ya sheria, na wajumbe sita aliowasimulia, ambao safari zao ziliishia katika adhabu, wamebaki kuwa mifano tu. Anayesoma hivyo hana tofauti kubwa na Mtolstoy wa Essex aliyepiga mstari chini ya sentensi njema na kuacha sura nzima ipite.

Lakini mtunzi ndani ya Tolstoy hakufa. Kati ya 1896 na 1904, kwa vipindi, alikuwa akiandika Hadji Murat, akairudia tena na tena, asiichapishe katika uhai wake. Kisa chenyewe ni cha kweli. Hadji Murat, kiongozi wa Waavar katika milima ya Kaukasia, aligombana na imamu Shamil, akajisalimisha kwa Warusi akitumaini kuiokoa jamaa yake iliyoshikwa mateka, kisha akatoroka na kuuawa mwaka wa 1852. Tolstoy alikuwa askari kijana huko huko Kaukasia wakati huo.

Mfuasi mwaminifu atafute nini katika kitabu hiki? Shujaa wake ni mtu wa upanga. Hageuzi shavu la pili. Anakufa akipigana, na ukurasa wa kifo chake umeandikwa kwa heshima isiyofichika. Kitabu kinaanza na ua la mbigili ambalo msimulizi analing'oa shambani, nalo linapinga mkono wake hadi nyuzi za mwisho za shina. Katika mafundisho, kupinga ni kosa. Katika riwaya, kupinga ndiko uhai. Aidha hakuna anayehubiri. Kuna askari mkulima Avdeyev, aliyepigwa risasi katika mapambano yasiyo na maana, na mama yake kijijini anayepokea habari huku barua na rubo ya fedha aliyomtumia mwanawe zikirudishwa. Kuna mfalme Nikolai wa Kwanza akitia saini adhabu ya viboko kwa mwanafunzi mmoja, akijua kwamba viboko hivyo ni kifo, na akijisifu kwamba Urusi haina adhabu ya kifo. Kuna Shamil, naye akiogopwa na watu wake vivyo hivyo. Hukumu ya dola iliyo katika sura ya Nikolai ni kali kuliko chochote kilichomo katika Ufalme wa Mungu umo ndani yenu, kitabu cha mafundisho kilichotolewa Ujerumani mwaka wa 1894, kwa sababu hapa dola ina tumbo, macho mazito na uchovu wa asubuhi. Mafundisho yalisema kwamba serikali ni jeuri. Riwaya ilionyesha jeuri hiyo ikijipenda.

Wakati kitabu hicho kikilala katika saraka, harakati ilikuwa ikisafiri. Mwaka wa 1895 Wadukhobori, madhehebu ya wakulima wa Kaukasia, walichoma silaha zao na kukataa jeshi, wakateswa. Chertkov na wenzake waliandika wito wa kuwatetea, na mwaka wa 1897 Chertkov akafukuzwa nchini. Alikwenda Uingereza, akaendesha matbaa ya maandishi yaliyokatazwa Urusi, na baadaye akajenga chumba kisichoshika moto cha kuhifadhia miswada ya mwalimu wake. Tolstoy, aliyekwisha kuyaacha mapato ya vitabu vyake vipya, alivunja kanuni yake mara moja: aliuza riwaya ya Ufufuo (1899) ili fedha ziwalipie Wadukhobori nauli. Zaidi ya watu 7,000 walivuka bahari kwenda Kanada mwaka huo. Ni vigumu kutaja riwaya nyingine iliyohamisha taifa dogo namna hiyo.

Makoloni ya Uingereza hayakuwa na bahati kama hiyo. Lile la Purleigh, Essex, lililoanza mwaka wa 1896, lilichakaa kwa mabishano. Watu wa Whiteway, mwaka wa 1898, waliichoma hati ya kumiliki ardhi yao kwenye ncha ya uma wa shambani, ishara nzuri iliyowaletea taabu nyingi baadaye. Aylmer Maude, mfasiri wa Tolstoy, aliyeishi karibu na Purleigh na kusaidia kuwatafutia Wadukhobori makao huko Kanada, alipoandika maisha ya Tolstoy hakuficha jinsi harakati ilivyoendeshwa, wala ukaidi wa Chertkov.

Mfuasi wa namna nyingine alionekana kusini mwa bara la Afrika. Mohandas Gandhi alikuwa amesoma Ufalme wa Mungu umo ndani yenu mwaka wa 1894. Mwaka wa 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach, mjenzi Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, alitoa bure shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg kwa ajili ya jamaa za Wahindi waliofungwa kwa kupinga sheria za ubaguzi. Waliliita Shamba la Tolstoy. Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi walikaa pamoja, wakilima na kushona makubadhi ambayo Kallenbach alijifunza kwa watawa wa Mariannhill. Gandhi hakuhitaji ruhusa ya mtu kuhusu namna ya kumwelewa Tolstoy. Alichukua alichokihitaji, yaani kukataa bila kupiga, akakigeuza kuwa mbinu ya umma, jambo ambalo Tolstoy hakulifikiria hivyo. Hata hivyo isisahauliwe kwamba shamba hilo, katika nchi ya Waafrika, halikuwa kwa ajili ya Waafrika. Madai yaliyopiganiwa yalikuwa ya Wahindi.

Tolstoy alimwandikia Gandhi barua ndefu ya mwisho mnamo Septemba 1910. Nyumbani kwake Yasnaya Polyana wakati huo vita vilikuwa juu ya karatasi. Chertkov, aliyeruhusiwa kurudi Urusi, alikuwa na daftari za kumbukumbu za mwalimu tangu mwaka wa 1900, na Sofia alizitaka. Mwanamke huyu alikuwa amenakili Vita na Amani kwa mkono wake mara nyingi. Sasa alionekana adui wa harakati. Mnamo Julai, kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule, mzee wa miaka 81 alitia saini wasia wa siri msituni, akiwa ameketi juu ya kisiki cha mti. Kazi zake zote zilikwenda kwa binti yake Alexandra kisheria, na kwa Chertkov kiutendaji. Mtu aliyefundisha kwamba mahakama na mali ni uovu alihitaji mashahidi na lugha ya mawakili. Tolstoy akaanza kuandika daftari jingine, la nafsi yake peke yake, akalificha ndani ya kiatu, Sofia akaliona. Miezi michache baadaye alitoroka nyumbani usiku, akafa tarehe 20 Novemba katika kituo cha treni cha Astapovo. Chertkov alikuwa kando ya kitanda. Sofia aliruhusiwa kuingia mume wake alipokuwa amekwisha kupoteza fahamu.

Na bado ni Alexandra na Chertkov walioitoa Hadji Murat mwaka wa 1912, pamoja na maandishi mengine yaliyoachwa. Udhibiti wa Urusi ulikata sehemu, hasa sura ya Nikolai. Toleo kamili lilichapwa Berlin. Mapato ya vitabu hivyo yalitumika kununua ardhi ya Yasnaya Polyana wakapewa wakulima. Mlinzi wa mafundisho ndiye aliyeleta mezani kitabu kisichoyatii.

Baada ya mapinduzi, serikali ya Kisovieti ilikubali kugharimia toleo kamili la kazi za Tolstoy, Chertkov akiwa mhariri mkuu. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka wa 1928. Katika miaka hiyo hiyo Watolstoy waliokuwa wakilima kwa pamoja karibu na Moscow tangu 1921 walihamishiwa Siberia, mwaka wa 1931. Wengi wao walikamatwa katika miaka iliyofuata, na kundi lao likavunjwa. Maneno yalichapwa na walioyatenda wakafungwa. Chertkov alifariki mwaka wa 1936. Toleo lilikamilika mwaka wa 1958, juzuu 90, pamoja na rasimu, barua na daftari ambazo wasomaji wa leo wasingalikuwa nazo bila ukaidi wake. Hadji Murat imo katika juzuu la 35, ikifuatwa na rasimu zake nyingi, ambamo mtunzi anaonekana akifuta na kuanza upya. Haina makala ya nyongeza.