Supa Modo, na Mtoto Asiyeruhusiwa Kuoga Baharini

Mara ya kwanza niliiangalia Supa Modo kama mtu anayetaka kuwa mwandishi: nahesabu matukio, natafuta makosa. Mara ya pili niliiangalia na mdogo wangu. Ana miaka 12, ana selimundu. Makosa niliyoyaona mwanzo karibu yote nikayafuta, nikapata mengine.

Filamu ni ya Kenya, ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina. Ina dakika 74 tu. Ilionyeshwa Berlin mwaka huohuo, na Kenya ikaipeleka kugombea Oscar. Sifa hizo tuziache. Jo ana miaka tisa na anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini Maweni, amalizie siku zake nyumbani. Jo anapenda filamu za mapigano na mashujaa wanaopaa angani, na Jackie Chan kwake ni kama ndugu. Dada yake, Mwix, anaona mtoto anazikwa hai ndani ya nyumba, basi anamhadaa kwamba ana nguvu za ajabu. Wanaanza na kichupa cha chumvi mezani. Uongo unakua, mpaka kijiji kizima kimeingia mchezoni. Mwisho sisimulii, kaangalie mwenyewe.

Ninachotaka kukisema kinamhusu mama. Wengi watamchukia, maana ndiye anayefunga mlango. Marrianne Nungo hamwigizi kama mkatili, anaigiza uchovu. Mama huyu ni mkunga. Anapokea watoto wa wenzake mchana kutwa, na wa kwake hawezi kumzuia asiondoke. Mimi mama huyo namjua. Sisi tunakaa Mbezi Beach, bahari unaifikia kwa miguu, na kila Jumamosi watoto wa mtaani wanapita getini kwetu vifua wazi, wanakwenda kuoga. Mdogo wangu haendi. Maji ya baridi yanaweza kumwamshia maumivu ya mifupa, na yakiamka ni usiku kucha. "Ukiumwa nani atakesha?" mama humwuliza, na kweli anayekesha ni yeye. Mimi niliwahi kumwita mama jela. Baada ya filamu hii nimeona aibu, ingawa bado nadhani mtoto anaonewa. Yote mawili ni kweli, na Wainaina hakutulazimisha tuchague moja.

Sasa tuje kwetu sisi tunaokesha na kalamu. Mgonjwa kwenye hadithi zetu kazi yake nini? Afe ili shujaa alie, au aombewe asimame, au iwe adhabu ya starehe zake. Katika mswada wangu, sura ya tisa, nilimuua msichana mmoja. Nilimpa kikohozi na macho makubwa, lakini sikumpa hata kitu kimoja anachokitaka. Jo anataka vitu. Ana maneno, ana ujeuri wa kitoto, anaamuru wakubwa, na Stycie Waweru anayemwigiza haombi huruma yako hata kidogo. Ndiyo maana unapata uchungu.

Na nguvu anazozitaka si za kigeni kama unavyoweza kudhani. Pale Maweni yupo Mike, mwenye kuwaonyesha watu filamu. Msomaji aliyekulia Dar atamtambua mara moja: sisi tumekaa kwenye mabenchi ya vibanda umiza, kina Lufufu wanatutafsiria Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili cha mtaani, na shujaa wa Hong Kong anakuwa mtoto wa Temeke. Kwa hiyo kijiji kinapoamua kutengeneza filamu yake chenyewe, huhisi kwamba imechomekwa tu.

Lakini Maweni ni pazuri mno. Hakuna jirani anayenong'ona kwamba mtoto karogwa. Hakuna anayeuliza nani analipa. Haya, tuseme ni hadithi ya watoto. Kuna jambo zito zaidi, na hili alilisema mdogo wangu, si mimi. Filamu ilipoisha alikaa kimya, halafu akaniuliza: "Kaka, huyu angepona kidogo tu, wangeendelea kumchezea?"

Nilikosa jibu. Jo anakufa karibuni, ndiyo maana kijiji kinaweza kusimamisha shughuli zake. Selimundu haina haraka hiyo. Hapa Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 nayo kila mwaka, na anayepata dawa na uangalizi anaweza kufika utu uzima. Ukiumwa wiki mbili, watu wanakuletea machungwa. Ukiumwa miaka 12 wanakuuliza, "Tena?" Mwalimu mmoja alimwandika mdogo wangu mtoro. Hiyo ndiyo filamu ambayo bado sijaiona: ya mgonjwa ambaye kesho yupo, na keshokutwa yupo, na bado anataka kuoga baharini.

Supa Modo nawashauri muitafute, na muiangalie na mtoto kama yupo nyumbani. Sura ya tisa nimeichana. Yule msichana sasa ana miaka 14, yu hai, na tangu juzi hawasemezani na mama yake kwa sababu karudi nyumbani na mchanga kwenye nywele.